Kiumbe Asiye na Jina

Wako watu wadhanio kuwa Frankenstein ni jina la dude lile la kutisha. Sivyo. Ni jina la mtaalamu aliyeliumba. Kiumbe mwenyewe hakupewa jina, wala katika kitabu cha Mary Shelley cha mwaka 1818, wala katika filamu ya James Whale ya mwaka 1931.

Katika filamu hiyo mtaalamu aliunga viungo vya maiti, akavitia uhai kwa nguvu za radi. Mkono ulipotikisika alipiga kelele za furaha. Haukupita muda, kiumbe akafungwa minyororo, na mtumishi akawa anamtisha kwa mwenge.

Sasa tazama ziwani. Mtoto Maria, asiyemwogopa, alimgawia maua. Wakayatupa majini, yakaelea. Maua yalipokwisha, kiumbe alimnyanyua mtoto akamtupa vilevile, akitumaini ataelea. Mtoto akazama. Kwa miaka mingi kipande hicho kilikatwa katika nakala za filamu. Kwangu mimi mwalimu, ndicho kiini chake. Nani alimfundisha kiumbe yule kupambanua ua na mtoto? Aliyemwumba alikuwa nyumbani, akijitayarisha kwa harusi yake.