Mgeni Bila Jembe

Leicester, Novemba

Ndugu zangu wa nyumbani,

Saa kumi jioni giza limeshaanza kutanda, manyunyu hayanyeshi wala hayakatiki, na simu yangu imejaa ujumbe wenu: mpwa anakuja, shemeji kapata viza ya masomo, je, Waingereza watampokea? Niruhusuni niwajibu wote kwa pamoja.

Kupokelewa hakuna shida. Mwingereza atakushikia mlango, na ukimkanyaga mguu yeye ndiye atakayekuomba radhi. Kazi iko mbele yake, katika kuhesabiwa kuwa mwenzao. Hapo wengi wetu hukwama, kwa sababu masharti yenyewe hakuna anayeyataja.

Chukueni chai. Binti mmoja wa Singida alipata kazi ya kuhudumia wazee hapa mjini, akaja enzi za viza za wahudumu, zile zilizofunguliwa Februari 2022 na kufungwa Julai 2025 kwa wanaoajiriwa kutoka nje. Kazi aliimudu. Kumgeuza mzee kitandani bila kumwumiza, kumwogesha bila kumvunjia heshima, hayo kalelewa nayo. Ila wenzake walimnunia na hakujua kisa. Alipokuja kwangu tukaipitia siku yake mwanzo mwisho, mpaka tukafika saa nne asubuhi: anaingia jikoni, anachemsha maji kwenye birika la umeme, anajitengenezea kikombe chake, anarudi kukaa. Chake tu!

Sasa huku, anayeinuka kwenda jikoni huuliza chumba kizima nani anataka, kisha anakariri nani wa sukari mbili, nani kakatazwa sukari na daktari, nani anataka maziwa kidogo sana hadi chai ibaki na rangi ya tofali. Baadaye huinuka mwingine. Hakuna ratiba iliyobandikwa ukutani. Ukijihudumia peke yako utaonekana mchoyo, wala hutaambiwa, maana kukuambia nako ni kukosa adabu. (Chai yenyewe, tuambizane ukweli, haina tangawizi wala hiliki, na maziwa humiminwa ya baridi. Mtazoea.) Binti akaanza kuuliza. Wiki haijaisha, mama mmoja aliyekuwa hamtupii hata jicho akawa anamsimulia habari za talaka yake.

Serikali nayo ina somo lake la utamaduni. Anayetaka ukaazi wa kudumu au uraia hufanya mtihani wa maswali 24 kwa dakika 45, ada pauni 50, na akipata chini ya 18 anarudi kulipa tena. Utawasoma wake sita wa Mfalme Henry wa Nane na vita vya Trafalgar. Zamu ya chai hutaikuta. Wala hutafundishwa kwamba kujiandikisha kwa daktari wa mtaa hakudai pasipoti wala bili ya umeme. Mwongozo wa NHS, huduma ya afya ya taifa, unasema hivyo waziwazi, lakini nimemwona karani wa kliniki moja akimrudisha mama wa Kikongo, mtoto mgongoni ana homa, eti hana uthibitisho wa anwani. Tulirudi pamoja na mwongozo umechapishwa. Akaandikishwa papo hapo, tena kwa tabasamu. Huku usipaze sauti, toa karatasi.

Wageni wangu huwapeleka Belgrave Road kwa bibi mmoja wa Kihindi anayeuza vitambaa, mzaliwa wa Jinja, Uganda. Kiswahili chake ni cha dukani, ngeli kazitupa zote, lakini anabembeleza bei nacho kama yuko sokoni kwao. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wameondoka, na takriban 28,000 wakaishia Uingereza. Septemba mwaka ule halmashauri ya Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije hapa, nyumba na shule zimeelemewa. Bibi husimulia kisa hicho akicheka mpaka mita inamponyoka mkononi, maana anaapa kuwa kwao hakuna aliyewahi kuusikia mji huu kabla ya tangazo. Leo, kwa sensa ya 2021, takriban wakazi wanne kati ya kila kumi wamezaliwa nje ya Uingereza, na sherehe za Diwali kwenye barabara hiyo zinaandaliwa na halmashauri ileile.

Nilimwuliza nani aliwafunza nchi. Akataja Stradishall, kambi ya zamani ya jeshi la anga huko Suffolk walikofikia, na mama wa kujitolea aliyempa koti, kisha siku zilizofuata akamwomba amsaidie kuwagawia makoti waliofika nyuma yao. Rangi ya koti ameisahau. Kuombwa msaada hajakusahau.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Msemo huu nyumbani tunausema kumsuta mgeni mvivu. Huku nimeona kwamba asiyepewa jembe ndiye aliyedharauliwa. Hapo ndipo ninapogombana na nchi hii. Mwomba hifadhi haruhusiwi kufanya kazi wakati ombi lake linasubiri. Miezi 12 ikipita ndipo anaweza kuomba kibali, nacho ni cha baadhi tu ya kazi. Anaishi kwa pauni zisizofika 50 kwa wiki, na aliyewekwa hotelini akapewa chakula hupata pungufu sana ya hizo. Halafu anaulizwa mbona hachangamani na watu. Achangamane nao wapi, dirishani?

Mliona picha za Agosti 2024, hoteli ya waomba hifadhi ikishambuliwa kule Rotherham. Siku chache kabla yake msikiti wa Southport ulikuwa umepigwa mawe, na kulipokucha wenyeji wakaja na mafagio, mafundi wakaujenga upya ukuta bila malipo. Nchi ni hiyohiyo moja, na siwezi kumchagulia mpwa wenu jirani.

Akija Leicester, maktaba na kumbi za makanisa zina vikundi vya kuzungumza Kiingereza, bure. Aende, na wenyeji wakianza kupanga viti asiwatazame, apange nao. Takataka za kawaida ni pipa jeusi, za kurejelezwa ni mifuko ya rangi ya chungwa, na kama jirani ni mzee amtolee na lake barabarani. Koti msimnunulie Kariakoo. Maduka ya chariti yamejaa makoti mazito kwa bei ya kutupa. Hiliki na tangawizi zipo tele. Nyama na maziwa msimfungie kabisa, forodha watayatupa.

Wasalimieni wote,
Ndugu yenu wa Leicester