Chuma cha Mzee wa Punia

Tulipokuwa Punia, katika jimbo la Maniema, mzee mmoja alitukaribisha barazani kwake, akatutolea chuma cha kale kilichoviringishwa katika gunia. Kilikuwa na ncha iliyonyoka, kulabu mbili zilizopinda kuelekea nyuma, na tundu la kutilia mpini.

"Wanangu," alisema, "kwetu husemwa kwamba huu ni mkuki wa vita vya Waarabu na Wabelgiji, vile vya 1892 hadi 1894. Kesho yuaja mchuuzi kuununua, nami nina mjukuu anayedaiwa ada ya masomo. Ninyi mwasemaje?"

Tulikigeuza mikononi. Mkuki huwa na ncha ya kuchoma, lakini ncha hii ilifuliwa butu makusudi, mviringo kama kichwa cha kidole. Chembe za mkuki hubanana na shina lake, lakini kulabu hizi zilikuwa na nafasi ya kupitisha kamba nene. Hakikuwa pia chombo cha wavuta magogo, wala ndoano ya wavuvi, kwa maana hivyo vyote vyataka makali. Chuma kisicho na makali po pote kimetengenezwa ili kisitoboe. Na kisichotakiwa kutobolewa ni ubavu wa chombo cha majini. Basi kilikuwa kichwa cha upondo wa mabaharia: ncha husukuma chombo kisigonge ukingo, kulabu huvuta kamba au mtumbwi. Upondo wa namna hii huwa na kulabu moja tu kwa kawaida. Hizo mbili ndizo zilizowadanganya watu.

Nacho kisingekuwa mgeni katika nchi hii. Mto Lowa humwaga maji yake katika Lualaba, na merikebu za moshi zilisafiri humo kati ya Kindu na Ubundu, iliyoitwa Ponthierville, mwendo wa kilomita 300 hivi. Huko Ubundu abiria na mizigo walipokewa na gari la moshi la Stanleyville, lililofunguliwa mwaka 1906. Merikebu hizo zilichoma kuni, zikatia nanga mara kwa mara ili kupakia; na mbele walisimama watu wenye pondo, wakipima kina cha maji.

Mzee alinyamaza kitambo. "Marehemu baba yangu alikuwa mpima maji," akasema. "Sisi watoto tulipenda zaidi habari za vita."

Asubuhi mchuuzi alipofika, mzee alimwambia kweli yote kabla hajaulizwa. Bei ikashuka hata chini ya nusu. Mzee akakirudisha chuma ndani, akamwita mjukuu wake, wakabeba pamoja madebe mawili ya mafuta ya mawese kwenda sokoni. Njiani tulimsikia akimweleza kijana jinsi babu yake alivyokuwa akiita kina cha maji kwa sauti kuu, ili nahodha asikie.