Kura Ndogo na Kura Kubwa Katika Binza

Katika kata ya Binza, wilaya ya Maswa, mkoa wa Simiyu, sheria humwita raia kupiga kura moja ya kumchagua mbunge, lakini mbunge mwenyewe hupitia kura mbili. Kura kubwa ni ya Serikali, na kila raia mwenye miaka 18 aliyeandikishwa ana haki ya kuipiga. Kura ndogo ni ya chama, nayo hutangulia ili kuamua nani atasimama mbele ya watu siku ya kura kubwa. Kura ndogo hii imepewa jina la unyenyekevu: kura za maoni. Maoni ni shauri, na shauri laweza kufuatwa au kuachwa. Na kwa kweli vikao vya juu vya chama vina uwezo wa kuliacha. Lakini mahali ambapo chama kimoja kimezoea kushinda, aliyepita katika maoni na kuthibitishwa na wakubwa amekwisha kuukaribia ubunge, na wananchi hupanga foleni juani kulitia muhuri neno lililokwisha kunenwa. Kwa sababu hiyo, swali la nani ameandikwa katika kitabu gani si swali la makarani peke yao.

Wasukuma hawakungoja sanduku la kura ili wajue maana ya kuchagua. Mtemi alikuwa wa ukoo, na mashauri ya kumweka yalikuwa mikononi mwa wakuu wachache. Mkulima wa kawaida hakuulizwa. Lakini chini ya kivuli cha utemi palikuwa na cheo kingine, cha nsumba ntale, kiongozi wa vijana waliolima pamoja katika mashamba ya watu. Huyu alichaguliwa na vijana wenyewe. Hapakuwa na daftari, maana kila aliyeshika jembe alijulikana na wenziwe, na jembe lake ndilo lililokuwa kadi yake. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia desturi hiyo ilipata makao mapya. Wakulima wa pamba walichoshwa na mizani ya wanunuzi, mizani ambayo daima ilipungua upande mmoja, wakaunda vyama vyao vya ushirika. Na mwaka 1955 vyama hivyo viliungana katika shirikisho lililojulikana kwa jina la Victoria, ambalo kiongozi wake mashuhuri alikuwa Bwana Paul Bomani. Mwanachama wa ushirika alikuwa na sauti katika kuchagua kamati yake. Huenda mizani ilimfundisha Msukuma siasa kuliko hotuba nyingi.

Kura ya Serikali ilichelewa kumfikia. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 mpiga kura alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au kazi ya cheo kinachotambuliwa. Tena kila mmoja alilazimika kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mhindi kwa pamoja. Mwaka 1960 masharti yalilegezwa, na baada ya Uhuru kura ikawa ya watu wote wazima. Miaka hii ina habari zake nyingi, lakini kwa jambo hili inatosha kujua kwamba mlango ulifunguliwa kidogo kidogo, na kwamba mwanamke wa Binza mwenye jembe na watoto alikuwa wa mwisho kuingia.

Achukuliwe mwanamke wa namna hiyo, aliyetimiza umri wa kupiga kura mwaka 1965, ambao wakati huo ulikuwa miaka 21. Katiba ya muda ya mwaka ule ilikuwa imeifanya TANU kuwa chama pekee Tanzania Bara. Msomaji wa leo atadhani kwamba hapo hapakuwa na uchaguzi wa kusimulia. Lakini utaratibu wenyewe ulikuwa hivi: wajumbe wa mkutano wa chama wa wilaya walipiga kura kwa siri kuwapanga waombaji, Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua wawili, na hao wawili wakapelekwa mbele ya raia wote walioandikishwa, wenye kadi ya TANU na wasio nayo. Mgombea alilazimika kuwa mwanachama; mpiga kura hakulazimika. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine alama ya nyumba, ili asiyejua kusoma asidanganywe na karatasi. Walisafiri na kuhutubia pamoja, katika mikutano iliyosimamiwa na chama. Walikatazwa kutaja kabila, dini au rangi, na kujidai kwamba Mwalimu Nyerere amewapendelea. Na waliamriwa kusema Kiswahili peke yake.

Sharti hili la mwisho lastahili kutazamwa kidogo. Katika sehemu kama Binza, ambapo Kisukuma ndicho kilichokuwa lugha ya shamba, ya soko na ya jikoni, mgombea Msukuma alisimama mbele ya Wasukuma wenziwe akawaomba kura kwa lugha ambayo wazee na wanawake wengi waliisikia nusu nusu. Nia ya sharti ilikuwa njema: ukabila usipate mlango. Lakini mtu asiyeifahamu vyema hotuba hushika kile anachokiona, na kilichoonekana ni jembe na nyumba. Wagombea nao walijua hivyo, wakageuka kuwa wafasiri wa alama zao: huyu akisema hakuna ale bila jembe, yule akijibu kwamba hata mlimaji mashuhuri jioni hurudi nyumbani. Maneno haya yalichekesha, na wasomi wengine wameyadharau. Wamekosea, maana mkulima alicheka kisha akachagua. Katika uchaguzi huo huo wa Septemba 1965 Bwana Bomani, wakati huo Waziri wa Fedha, mtu aliyewapigania wakulima wa pamba, alishindwa katika jimbo lake la Mwanza na wapiga kura wa nchi yake mwenyewe. Nyerere alimrudisha bungeni kwa kumteua, lakini kushindwa kulibaki kushindwa.

Uchaguzi wa namna hiyo ulirudiwa kila baada ya miaka mitano hadi 1990. Lawama zake zajulikana: chama kimoja kilichuja majina, na hakuna aliyeweza kuukataa mwelekeo wa nchi kwa kura. Lawama hizo ni za haki. Hata hivyo katika mpango ule mwanamke wa Binza alipewa neno la mwisho kati ya watu wawili hai, na hakuna aliyemwuliza kama amelipa ada.

Mwaka 1995 vyama vingi vilishindana kwa mara ya kwanza katika uchaguzi mkuu tangu siasa za vyama vingi ziliporudi, na mambo yakageuka kwa namna ambayo wengi hawakuitazamia. Kura kubwa ilipata uhuru mpana zaidi, vyama na rangi nyingi. Na uteuzi ukahamia ndani ya nyumba ya kila chama, mlango ukafungwa. Fedha iliufuata uteuzi huko ulikohamia. Kiswahili kilikopesha neno lake zuri: takrima, ukarimu anaofanyiwa mgeni, likaingizwa katika sheria ya uchaguzi mwaka 2000 ili kuhalalisha vyakula na vinywaji vya mgombea, mpaka Mahakama Kuu ilipoitangaza sheria hiyo kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2006. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 ikaendelea kugusa hata uteuzi wa ndani ya vyama. Neno lenyewe bado linajaribu kurudi katika heshima yake.

Mwaka 2010 Chama Cha Mapinduzi kilifungua mlango: wanachama wote, si wajumbe tu, wakaruhusiwa kupiga kura za maoni katika matawi yao. Kadi ikawa na thamani ambayo haikupata kuwa nayo, na malalamiko yakaenea nchini kwamba wengine walipewa kadi ili wapige kura, si kwa kuwa walikiamini chama. Lakini Maswa ilionyesha jambo lingine mwaka ule. Bwana John Shibuda, aliyekuwa mbunge wa CCM, aliondoka katika chama hicho baada ya kura za maoni, akahamia CHADEMA, akashinda Maswa Magharibi. Na Maswa Mashariki nayo ikaenda CHADEMA. Basi kura kubwa ilikuwa na neno ambalo kura ndogo haikulisikia. Watu wale wale, vijiji vile vile, pamba ile ile. Kilichotofautiana ni kitabu kilichofunguliwa siku ya kwanza na kitabu kilichofunguliwa siku ya pili.

Mwaka 2020 mlango ulirudishwa. Wajumbe wa mikutano mikuu ya majimbo ndio waliopiga kura, mamia ya watu mahali pa maelfu, na wakubwa wengi wakaanguka, akiwamo Bwana Andrew Chenge wa Bariadi, Mwanasheria Mkuu wa zamani. Nchi nzima ikacheka ikisema wajumbe si watu. Kicheko hicho kilikuwa cha walioshindwa, nacho hakikuuliza lililo kubwa: kama wajumbe si watu, watu walikuwa wapi?

Atakuja mtetezi aseme kwamba chama ni mali ya wanachama, na jirani asiyechanga hana haki ya kuchagua bibi harusi. Hoja hii ina nguvu, na nchi nyingine zimeipima kwa njia mbalimbali. Katika Marekani uteuzi wa wagombea mara nyingi husimamiwa na serikali za majimbo kwa daftari lao wenyewe. New York humtaka mpiga kura ajiandikishe kuwa wa chama ndani ya daftari hilo la serikali kabla hajashiriki. Wisconsin haiandiki chama cha mtu yeyote, na humwacha achague siku ileile kura ya chama gani ataipiga. Majimbo haya mawili hayakubaliani juu ya haki ya jirani, lakini yote mawili yanakubaliana kwamba kitabu kisikae mikononi mwa mmoja wa washindani. Katika Maswa kitabu cha kura ndogo hukaa katika chama, na karani wake ana ndugu, rafiki na mgombea wake.

Mwanamke yule aliyechagua kati ya jembe na nyumba, kama angali hai, amepita umri wa miaka 80. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura lililoanzishwa mwaka 2004 lilimwandika. Mwaka 2015 likamwandika upya kwa mashine ya alama za vidole, na vijana wa uandikishaji walimwambia, “Shikamoo bibi, bonyeza tena,” mara mbili na mara tatu, kwa kuwa mpini wa jembe ulikuwa umeifuta mistari ya vidole vyake. Mwaka 2024 daftari liliboreshwa, na kadi yake imo ndani ya kitambaa pamoja na hati za pamba. Kadi ya chama hanayo. Mumewe alikuwa nayo, akafa nayo. Tarehe 4 Agosti 2025, pamba ikiwa imekwisha kuchumwa, wajumbe wa CCM, ambao safari hii idadi yao ilikuwa imeongezwa, walipiga kura za maoni za ubunge. Yeye alipata habari jioni, kwa redio ya mjukuu, kwa Kiswahili ambacho sasa anakisikia chote.