Msumeno au mawimbi

Jumanne, 9 Septemba 2025
Mvua. Barabara ya Ggaba imeziba mpaka Kabalagala, nikashuka kwenye boda nikatembea. Kichwani neno moja: msumeno. Daktari kalitamka kama mtu anayetaja kijiko. "Tunakata taya kwa msumeno mdogo, binti, pande zote mbili." Nikauliza kile kifaa kingine, cha mawimbi ya sauti. Hawana.

Jioni rolex, chapati ya kukunja na yai. Nimeikata vipande vidogo, kama siku zote. Meno ya mbele hayakutani, yai linateleza. Potelea mbali.

Alhamisi, 11 Septemba
Usingizi hakuna. Nimesoma mpaka simu ikazima. Ncha ya kifaa cha mawimbi hutetemeka mara 25,000 hivi kwa sekunde: mfupa unakatika, nyama laini inabaki salama. Kwenye video wanakata ganda la yai bichi na utando wa ndani hautoboki! Damu nayo hupungua. Ila ni polepole, unalazwa mezani muda mrefu zaidi. Msumeno una haraka, na haubagui.

Na mshipa wa fahamu wa mdomo wa chini unapita mlemle ndani ya taya. Ukiguswa je? Chai ikiniunguza nitajuaje? Mate yakinichuruzika mbele za watu? (Kuna na mengine. Siandiki.)

Mama kapiga kutoka Mwanza. "Kwani hilo taya limekukosea nini, mwanangu?" Nikacheka, kisha nikakasirika.

Jumapili, 14 Septemba
Ijumaa nilimrudia daktari na karatasi ya maswali. Akanichorea. Mkato ni uleule walioutangaza Trauner na Obwegeser mwaka 1957. Kumbe mfupa haukatwi wote! Unachanjwa tu, kisha unapasuliwa kwa patasi, kwa mkono, taratibu. Hata mwenye mawimbi akifika hapo anashika patasi. Na hapo ndipo mshipa huweza kuvutika. Kwenye video za yai hakuna aliyelisema.

Nikauliza: ganzi? Hakukwepa. Mwanzoni wengi huipata, kwa wengi huisha baada ya miezi, wachache hubaki nayo. Afadhali aliyeniambia hivyo kuliko mashine nisiyomjua mshikaji wake.

Basi, msumeno. Nimeshasaini.

Mwenzangu wa chumba anasema ninunue blenda, wiki za uji na supu zinakuja. Blenda! Kwa umeme huu wa kukatikakatika? Na hela ya kodi bado sijatuma.