Likasi: Vumbi liliziba simu, mama akafikiri mtoto wake amemkataa

LIKASI, Haut-Katanga – Fundi wa simu aligeuza telefone juu ya karatasi nyeupe, akaigonga polepole kwa kidole. Vumbi la kijivu likaanguka kama unga wa muhogo. Mwenye simu alitazama bila kusema neno. Alikuwa bado amevaa nguo za kazi, na vumbi lile lile lilikuwa kwenye nyusi zake na ndani ya masikio yake. Ilikuwa Ijumaa jioni ya mwezi wa nane, katikati ya kiangazi, wakati ambapo huku Katanga watu wamekwisha kusahau harufu ya mvua.

"Fundi, mimi nawasikia watu vizuri," alisema mwishowe. "Wao ndio hawanisikii. Tangu Jumatatu napiga kelele bure."

Mtu huyu ni baba wa watoto watatu. Anafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha kusaga mawe ya ujenzi, pembeni ya mji. Kazi yake ni kusimama karibu na mdomo wa mashini, kusukuma mawe makubwa kwa fimbo ya chuma ili yasizibe njia, na kuokota yale yanayoanguka kando ya mkanda. Mashini ikianza kuzunguka asubuhi, rafiki anayesimama hatua kumi mbele anajulikana kwa mwendo tu, uso hauonekani.

Simu yake si mpya, aliinunua kwa mtu. Lakini ndiyo benki yake. Malipo ya kila juma yanaingia humo, franga za shule zinatoka humo. Na mama yake mzazi, anayekaa Bukama pamoja na mtoto wake wa mwisho, anampata kwa njia hiyo tu. Reli ya kutoka Likasi inafika Bukama, ila safari ni ndefu, na kibarua anayekosa siku moja kazini anakosa pia malipo ya siku hiyo.

Siku ya Jumatatu, saa sita mchana, mdogo wake alipiga simu kutoka Bukama. Mama ana homa kali, kituo cha afya kinaomba pesa kabla ya kuendelea na dawa. Kaka mkubwa alisikia kila neno. Alijibu kwamba atatuma pesa jioni ile ile. Upande wa pili, mdogo aliendelea kusema "alo, alo". Kisha mama mwenyewe akachukua simu, na sauti yake ilikuwa dhaifu.

"Mwana wangu, mbona unaninyamazia?"

Aliita mpaka koo likakauka. Simu ikakatwa.

Jioni aliomba simu ya jirani yake. Kule Bukama simu ilikuwa imezimika, umeme haukuwapo mtaani siku mbili. Aliandika ujumbe, akatuma na pesa kwenye namba ya mdogo wake. Vyote viwili vilisomwa siku ya Jumatano. Siku hiyo mama alikuwa amekwisha kupata dawa, lakini mdogo alikuwa amekwisha kuuza baiskeli yake, ile aliyokuwa akibebea makala mpaka soko. Aliyeinunua hakukubali kuirudisha.

Mama alipona. Ila mdogo alijibu ujumbe kwa neno fupi: "Tumekwisha kuelewa, yaya." Neno hilo ndilo lililomleta kwa fundi, kuliko ubovu wa simu wenyewe.

Fundi aliondoa mfuniko wa nyuma, akawasha taa ndogo ya kichwani. Akauliza kama kuna mtu aliyepuliza simu kwa kompresa.

Mwenye simu aliinamisha kichwa. Ilikuwa kweli. Juma moja kabla, watu walianza kulalamika kwamba sauti yake inatoka mbali, kama mtu anayesema ndani ya mtungi. Rafiki mmoja wa garaji ya kiwanda, kwa moyo mzuri, alichukua mpira wa kompresa unaotumika kujaza magurudumu, akapuliza tundu zote. Simu ilitoka safi, inang'aa. Baada ya siku mbili sauti ikapotea kabisa.

Fundi alimweleza bila kumgombeza. Kipaza sauti cha simu ni kitu kidogo kuliko punje ya mchele, na mbele yake kuna kitambaa chembamba kama chandarua. Kazi ya kitambaa hicho ni kukamata vumbi. Kikijaa, sauti inapungua, lakini kipaza sauti bado kizima. Upepo wa kompresa una nguvu nyingi mno. Unapasua kitambaa, unasukuma vumbi ndani zaidi, na mara nyingi unabeba maji na mafuta yanayokaa ndani ya tanki lake. Hata kupuliza kwa mdomo si dawa, kwa sababu pumzi ina unyevu, na vumbi likilowa linashika kama simenti.

Kinachofaa ni kitu rahisi: kuzima simu, kuigeuza tundu zikitazama chini, na kusugua polepole kwa mswaki laini uliokauka. Tundu la kushaji linasafishwa kwa kijiti cha mbao, kamwe si kwa sindano, maana chuma kinaweza kukwaruza na kuunganisha vipande vya umeme visivyopaswa kugusana.

Kuhusu kioo, fundi alionyesha mikwaruzo mingi iliyoenda pande zote. Mwenye simu alifikiri ni kwa sababu ya kuanguka. Sivyo. Mawe mengi yana chembe za kwatzi, na kwatzi ni ngumu kuliko kioo. Mtu anayepangusa kioo kwa shati lenye vumbi anakikwaruza kwa mkono wake mwenyewe. Inapasa kwanza kukung'uta vumbi, halafu kupangusa kwa kitambaa safi.

Halafu kuna simu zinazouzwa kwa sifa ya kutoingia vumbi. Zinaandikwa herufi IP na namba mbili. Namba ya kwanza ni ya vumbi, na 6 ndiyo ya juu kabisa. Namba ya pili ni ya maji. Lakini kipimo hicho kinafanywa simu ikiwa mpya. Ikianguka mara nyingi juu ya mawe, au ikifunguliwa na kufungwa bila gundi mpya, ile 6 inabaki kwenye karatasi tu. Simu hii ilikuwa imefunguliwa mara mbili kabla ya kufika Likasi.

Fundi alibadilisha kipande cha chini chenye kipaza sauti kwa franga 15.000. Kabla ya kumrudishia simu alimwuliza swali moja: kwa nini unaiingiza kule kwenye mashini?

Swali lilionekana jepesi, lakini jibu halikuwa jepesi. Kiwandani kuna chumba cha kubadilishia nguo, na mlango wake haufungwi. Simu mbili zilipotea humo mwaka huu. Tangu hapo kila mtu anafanya kazi na simu mfukoni. Wengine wanaifunga ndani ya sashe mbili, na sashe inazuia vumbi kweli. Ila ndani yake simu inapata joto, jasho la mwili linatoa unyevu, na mtu anayeifungua katikati ya vumbi ili ajibu amekwisha kuharibu kazi yote. Na kuna jambo lingine ambalo halihusu simu. Mwezi wa sita, simu ya kijana mmoja ilichomoka mfukoni ikaanguka juu ya mkanda unaotembea. Kijana akanyoosha mkono kuifuata. Mwenzake alimvuta kwa mshipi wa suruali. Simu ilisagwa pamoja na mawe, mkono ukabaki.

Kwa hiyo tatizo halikuwa kukosa mfuko mzuri. Tatizo lilikuwa kukosa mtu wa kumwachia simu.

Nje ya lango la kiwanda kuna mama anayeuza bukari na sombe. Wafanyakazi wote wanakula kwake, na wengi wanakula kwa deni. Daftari lake linajulikana kuwa halikosei. Jumatatu iliyofuata, yule baba alimwendea mapema.

"Mama, wewe unatuaminia bukari mpaka mwisho wa juma. Sisi pia tunaweza kukuaminia simu zetu."

Mama alicheka, akasema atafikiri. Siku ya pili alikuja na sanduku la plastiki lenye mfuniko wa kubana, lile la kuwekea mikate. Kila simu inaingia ndani ya sashe yake, pamoja na kipande cha karatasi chenye jina. Sanduku linakaa kivulini chini ya meza, mbali na moto wa makala. Kila mmoja analipa franga 200 kwa siku. Wakaweka pia sheria. Simu ikilia mara moja, mama anaiacha. Ikilia mara tatu mfululizo, anapokea, anauliza kuna shida gani, kisha anamwambia mlinzi wa lango, na mlinzi anamwita mwenyewe.

Shefu wa kiwanda hakupinga. Alipoona kwamba watu hawatoi tena simu kila dakika karibu na mkanda, aliruhusu mlinzi aache lango kwa muda mfupi kama kuna mwito wa haraka. Juma la kwanza walioweka simu walikuwa watano. Juma la tatu walikuwa kumi na nane, na mama akaleta sanduku la pili.

Si kila mtu aliyefurahi. Kijana mmoja alisema hawezi kumpa mtu mwingine simu yenye siri zake. Mama akamjibu kwamba siri zina namba ya kufungia, vumbi halina. Bado anaingia na simu yake mfukoni, na hakuna anayemlazimisha.

Jumapili ya kwanza baada ya simu kutengenezwa, yule baba alikaa chini ya mwembe nyuma ya nyumba, akapiga Bukama. Mdogo wake alipokea kwa sauti ya baridi. Kaka akamweleza yote: kitambaa kidogo, kompresa, vumbi juu ya karatasi nyeupe. Akaahidi kuchangia baiskeli nyingine, kidogo kidogo, mwezi kwa mwezi. Mdogo alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Sisi tulisikia kimya tu, yaya. Ungekuwa wewe, ungefikiri nini?"

Akampa mama simu. Mama hakutaja pesa wala baiskeli. Alimwuliza habari za watoto, mmoja mmoja kwa jina lake. Katikati ya mazungumzo, yeye akashikwa na kikohozi, kile cha kila siku ambacho mke wake amekwisha kukizoea na yeye mwenyewe hakisikii tena. Alikohoa mbali na simu, lakini kipaza sauti kilikuwa kipya.

"Kikohozi hicho ni cha tangu lini?" mama akauliza.

"Ni vumbi tu, Mama."

"Simu yako uliipeleka kwa fundi kwa ajili ya vumbi hilo. Wewe mwenyewe umekwenda kwa nani?"

Hakuwa na jibu. Usiku ule alitazama kitambaa alichopangusia uso: rangi ilikuwa ile ile ya karatasi ya fundi. Alikumbuka kwamba simu ina chandarua mbele ya mdomo wake, na kwamba yeye anasimama saa tisa kwa siku mbele ya mashini bila kitu.

Siku ya Jumatano alikwenda kituo cha afya. Siku ya Ijumaa, yeye na wenzake sita walimwendea shefu kuomba mambo mawili: barakoa za kuzuia vumbi, na mpira wa maji wa kulowesha mawe kabla hayajaingia kwenye mashini, maana jiwe lililolowa halitoi vumbi jingi. Barakoa zilifika juma lililofuata. Kuhusu maji, shefu alisema ataongea na mwenye kiwanda. Wanangoja jibu, na kila asubuhi wanamwuliza tena.