Baba Mwenye Nywila: Malezi ya Simu kati ya Brussels na Likasi

Karibu kila ukoo wa Katanga una baba mmoja aliyeoa mara mbili: kwanza alimuoa mama wa watoto, kisha akaoa mitambo. Ukimkuta Brussels utamtambua kwa droo iliyojaa waya za kuchaji simu ambazo hazitengenezwi tena, na anayethubutu kuzitupa ataeleza mbele ya baraza la familia. Ana jedwali la kompyuta linaloonyesha nani ameoga maji ya moto kwa dakika ngapi. Mtoto akilalamika kwamba kichwa kinamuuma, swali la kwanza analoulizwa ni lile lile linaloulizwa televisheni inapogoma: umejaribu kuzima na kuwasha tena? Ukimkuta Likasi, mji wa Katanga nchini Kongo, katika parseli (kiwanja cha nyumba) ya Kikula au katika nyumba ya kambi ya zamani kule Panda na Shituru, utamtambua kwa betri ya gari iliyolala chini ya meza ya chakula, kwa stabilaiza iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi, na kwa amri kwamba mkono wowote usio wake usiguse ile swichi ya pembeni. Wote wawili wanachekesha, na wake zao wanawavumilia kwa uvumilivu ule ule. Lakini tofauti moja kati yao ni kubwa, nayo ni mahali wanapoiweka amri ya nyumba. Wa Brussels ameiweka ndani ya mashine. Wa Likasi bado anaitoa kwa mdomo wake, mbele ya watu. Nadhani sisi tulioko Ulaya tumechukua njia iliyo mbaya zaidi, na sababu ya kusema hivyo iko katika historia ya Likasi yenyewe.

Tuanze na huku kwetu ugenini. Mzazi wa Ulaya ana umeme saa ishirini na nne, ana intaneti isiyokatika, na kila mtoto ana simu yake. Asichonacho ni muda. Baba anatoka zamu ya usiku mama anapoingia ya asubuhi, na shangazi ambaye angewaangalia watoto yuko kilomita elfu kadhaa kutoka hapo. Kampuni zimeliona pengo hilo na kuliziba. Google ilitoa programu ya Family Link mwaka 2017, na mwaka uliofuata Apple ikaweka ndani ya simu zake kipimo cha muda wa skrini. Kwa programu hizo mzazi anapanga saa ya kulala ya simu, anazuia michezo, anaona mtoto yuko mtaa gani, na analetewa ripoti ya wiki kama mkurugenzi wa kiwanda. Kwa baba yetu mpenda mitambo, hii ni pepo. Anatawala nyumba akiwa ndani ya tramu. Mtoto aliyeketi chumba cha pili anapotaka dakika kumi na tano zaidi, ombi lake linasafiri hadi kwenye kompyuta za kampuni, linarudi kwenye simu ya baba, baba anabonyeza hapana, na watu hao wawili wametenganishwa na ukuta mmoja tu. Mama, ambaye ndiye aliyeko jikoni na ndiye anayejua kwamba mtoto amemaliza kazi za shule, hawezi kusaidia kwa kuwa hana nywila. Akiulizwa anajibu kwa upole: msubiri baba yako.

Likasi mambo yamepangika kinyume. Muda wa kukaa pamoja upo, kinachokosekana ni umeme. Tena unakosekana katika mji usio mbali na mto Lufira, ambako bwawa la Mwadingusha limekuwa likizalisha umeme tangu mwaka 1930. Mitambo yake ilikarabatiwa na kufikisha megawati 78 mwaka 2021, kwa fedha za wachimba shaba wa Kamoa-Kakula kule upande wa Kolwezi. Viwanda na migodi vinahitaji nguvu hiyo, na mitaa ya watu inangojea zamu yake, delestaje (mgao wa umeme) baada ya delestaje. Umeme unaporudi, kelele za furaha za watoto zinasikika parseli nzima, na baba fundi anapata dakika zake za utukufu. Inabidi apange nani achaji kwanza. Inatangulia simu yenye M-Pesa, maana tangu huduma hiyo ilipoingia Kongo mwaka 2012 simu hiyo ndiyo pochi ya nyumba. Inafuata ya yaya, yaani kaka au dada mkubwa, anayesoma chuo. Mwisho kabisa ni ile ya muziki. Pasi na friji haziwashwi pamoja. Anayetaka kujua kwa nini anaelezwa, kwa sababu asipoelezwa ataunguza fyuzi na wote watakaa gizani. Mega za intaneti zinanunuliwa kidogo kidogo, na aliyezimaliza kwa video anajulikana kabla ya jua kuchwa. Mtoto wa nyumba hiyo anajua uzito wa wati kabla hajajua sehemu katika hesabu. Anajua pia kwamba kikomo cha simu yake kina sababu, kwa kuwa sababu hiyo anaiona ikilala chini ya meza.

Hapa msomaji makini atanikatiza, na ana haki. Atasema ninaupamba umaskini. Baba wa Likasi hagawi umeme kwa hekima, anaugawa kwa sababu hautoshi. Mpe umeme wa kutosha na simu tano mpya, kesho ataweka programu ile ile na kuficha nywila ile ile. Nakubali. Upungufu si falsafa ya malezi, na hakuna mtoto anayepaswa kusomea kwa tochi ya simu ili sisi wa Brussels tupate mfano mzuri wa makala. Ndiyo maana ushahidi wangu mkuu hautoki kwenye delestaje. Unatoka kwenye jambo ambalo Likasi ililipitia zamani kabla ya intaneti: mji huu umewahi kulelewa na kampuni, na tunajua mambo yaliishaje.

Mji ulipoitwa Jadotville, kwa jina la Mbelgiji Jean Jadot, baba halisi wa nyumba nyingi alikuwa kampuni ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni hiyo iliacha kutegemea vibarua wa muda mfupi. Iliamua kuwakalisha wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto. Ikajenga nyumba, shule na hospitali, ikagawa chakula kwa kipimo cha ukubwa wa familia, ikapima uzito wa watoto wachanga, ikawafundisha kina mama namna ya kushona na kupika. Utaifishaji wa 1967 ulibadilisha mwenye mali, na kampuni ikaja kuitwa Gécamines, lakini malezi yaliendelea kutoka juu. Mfanyakazi alileta nyumbani unga, shule na dawa bila kulazimika kueleza chochote. Kampuni ilikuwa imeshapanga. Kisha baba huyo mkubwa akaugua. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka, fujo za kisiasa zikafuata, na kufikia 1994 uzalishaji haukufika hata sehemu moja ya kumi ya ule wa 1986. Mishahara ikakatika kwa miezi na miezi. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakaondolewa kwa mpango ulioitwa wa hiari. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, aliiandika historia ya mamlaka ndani ya familia hizo katika kitabu kilichotoka mwaka 2001, na jina alilokipa linatosha kama hukumu: Bana Shaba abandonnés par leur père, watoto wa Shaba waliotelekezwa na baba yao. Mama waliokwenda sokoni na mashambani ndio walioshika nyumba, na baba wengi waligundua kwamba heshima waliyodhani ni yao ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi ya mgao.

Sasa rudi kwa baba yetu wa Brussels na ripoti yake ya wiki. Naye amekabidhi kwa kampuni kazi ya kusema hapana, na kampuni inaifanya vizuri maadamu inataka. Lakini masharti si yake. Kwa miaka mingi Google yenyewe ilimpa mtoto aliyefikia umri wa kuwa na akaunti yake, miaka 13 katika nchi nyingi, uwezo wa kujiondoa chini ya usimamizi wa mzazi. Maana yake ni kwamba siku ya mtoto kuwa mkubwa katika nyumba ya Mluba, Msanga au Mlamba anayeishi Ubelgiji ilipangwa mbali sana, na watu wasiomjua hata kwa jina. Siku hiyo baba anabaki na nini? Kama katika miaka yote hiyo hakuwahi kueleza kwa nini simu inalala saa mbili usiku, hana neno la kusimamia. Mtoto hakujifunza kujizuia. Alijifunza kwamba kuna mlango uliofungwa, na kwamba wenzake shuleni wanajua namna ya kuufungua. Na kichekesho kichungu ni kwamba hata madini yanayoendesha mpango wote huu yanatujua sisi: zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, na betri nyingi za simu zimetumia kobalti. Tunawalinda watoto wa Likasi walioko Ulaya kwa madini ya Likasi, kwa nywila iliyotungwa California.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: hatari za mtandaoni ni za kweli, na mazungumzo matupu hayamzuii mtu mzima anayejifanya mtoto. Hilo silipingi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Kwa umri huo hakuna mjadala wa kufanya na mtoto, kuna kufunga tu. Serikali nazo zina kazi yao. Shule za Kifaransa za Ubelgiji wanakosoma watoto wetu zilianza mwaka wa masomo wa 2025 na katazo la kutumia simu kwa starehe, na katazo hilo ninaliunga mkono kwa sababu lilitangazwa hadharani, likajadiliwa na kuandikwa, na linamhusu kila mwanafunzi. Kwa hiyo sisemi tuzifute programu. Ninachosema ni kwamba kufuli halijawahi kuwa sheria. Sheria ina mtu anayeitoa, ina sababu, na ina mahali pa kukata rufaa. Kule Likasi mahali hapo panaitwa nkambo: bibi aliyekaa chini ya mwembe, asiyejua wati ni nini, lakini ambaye neno lake linaweza kumfanya fundi mkuu aongeze nusu saa.

Wala sitaki nyumbani pabaki bila lawama. Uwazi wa parseli una ukali wake. Nywila inayojulikana na watu kumi ina maana kwamba ujumbe wa binti wa miaka kumi na sita unasomwa na wajomba, na huko si malezi, ni upelelezi. Mara nyingi anayeitwa kushika testa ni kaka, huku dada akitumwa kusonga bukari, kana kwamba umeme unachagua jinsia. Waya zilizounganishwa kwa kubahatisha zinaua. Na zama za simu chache kwa nyumba zinapita: simu za bei nafuu zimejaa masoko, vijana wana za kwao, na baba fundi anayejua kila kitu kuhusu betri mara nyingi hajui lolote kuhusu yanayopita ndani ya TikTok. Kongo ilipata sheria yake ya mambo ya kidijitali mwaka 2023, lakini sheria ya Kinshasa haiwezi kuketi mezani Kikula kila jioni. Likasi itahitaji mipaka mipya hivi karibuni, na jambo la kuomba ni kwamba isiagize ile ya kwetu ikiwa imefungwa kwenye boksi.

Basi kwa wazazi wenzangu wa Brussels, Liège na Paris, wale wenye droo ya waya na jedwali la maji ya moto, ushauri wangu ni huu. Wekeni mipaka ya simu mezani, mtoto akiwa ameshika simu mkononi, na kila kikomo kitajwe pamoja na sababu yake. Mama apewe nywila leo hii. Ripoti ya wiki isomwe kwa sauti, na ya baba isomwe pia, hata kama itafichua kwamba saa tisa alizoziita za kazi zilipotea kwenye video za kutengeneza pampu. Mpeni mtoto kitu kilichoharibika akifungue, akikosee na akitengeneze, na msichana ashike bisibisi kabla ya kaka yake. Na ninyi wa Likasi, endeleeni kueleza mgao wa betri kama mnavyoeleza, lakini mwacheni binti awe na ujumbe wake. Kampuni zitakuja na kuondoka, kama tulivyoona Katanga. Mtoto atahitaji kukumbuka alichoambiwa na mzazi wake, kwa hiyo tuhakikishe tumemwambia.