Mjukuu wa Muganwa

Sote hapa Nyarugusu tumepita kwenye meza ya usajili. Unaulizwa jina, umri, mko wangapi nyumbani, umetoka mkoa gani. Ndugu zetu wa mashirika, mnisamehe, lakini fomu yenu haiulizi lile ambalo majirani wanalijua kabla hujamaliza kuezeka: wewe ni wa ukoo gani. Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa mzee mmoja muganwa. Alipanga foleni ya mahindi kama mimi, akabeba gunia lake mwenyewe, na bado walikuwepo wazee wa kumwachia nafasi mbele.

Kwa Wakongo na Watanzania mnaosoma: baganwa ni uzao wa wafalme wa Burundi. Zamani hawakuhesabiwa Wahutu wala Watutsi, walikuwa baganwa tu, na vilima vilikuwa chini yao. Ufalme uliondolewa Novemba 1966. Kwenye karatasi mambo yakaisha hapo. Upande wetu sisi tulikuwa bagererwa, watu wasio na ardhi, wanaopewa kipande na mwenye shamba halafu wanamlipa kwa mazao na kwa mgongo wao. Mpaka miaka ya 1970 hayo yalikuwepo, na baba yangu aliyaona kwa macho yake akiwa mtoto.

Sasa mjukuu wa yule mzee akaanza kuniletea suruali za kushona, suruali ambazo hazijachanika. Mama aliona kabla yangu. "Huyu kijana atakumalizia uzi bure," alisema.

Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, wa posho. Mimi nina cherehani. Miaka miwili nilishona kwenye cherehani ya mtu, nusu ya kila shilingi ikiwa yake, ndipo nikanunua hii ya kukanyaga, kuukuu, sindano inaruka mishono kila mvua ikinyesha. Nataka ziwe tatu. Nataka wasichana wawili niwafundishe, na tenda ya sare za shule. Nimesema hivyo tangu nina miaka kumi na tano, na watu wanaita tamaa.

Kwa hiyo maneno yakaanza bombani: ati namfuata kwa ajili ya jina. Niseme ukweli, jina lenyewe lilinipendeza. Siku ya kwanza alipokaa kwenye benchi langu nilimfikiria babu yangu, ambaye asingethubutu kuketi mbele ya babu yake, nikasikia raha ambayo sitaikana. Na yeye mwenyewe nilimpenda. Alikuwa anasahihisha madaftari pale huku mimi nashona, ananisomea majibu ya watoto, anacheka kabla hajafika mwisho. Alfajiri alinichotea maji, dumu kichwani, watu wakiona. Wanaotaka niseme ni kipi kati ya hivyo viwili kilikuwa cha kweli, watafute kazi nyingine.

Siku ya kuja kuposa ilifika. Kwetu pombe ya mtama hunywewa mtungi ukiwa katikati, kila mtu na mrija wake. Ukiingiza mrija wako kwenye mtungi wa mtu, umekubali mmekuwa kitu kimoja. Hapa pombe itakuletea matatizo, basi shangazi akapika togwa ya mtama, tukaazima mtungi, na pembeni kreti moja ya soda. Mzee alikuja baada ya kubembelezwa sana. Alikaa, akapokea mrija, akaushika tu.

Baba akaanza kwa heshima zote. "Mzee wangu, Rwagasore, mtoto wa Mwami mwenyewe, alimwoa Marie-Rose Ntamikevyo mwaka 1959, binti wa Kihutu, na mbingu hazikuanguka."

"Na 1961 tukamzika," akasema Mzee.

Kimya. Nyuma, walipokaa wanawake, shangazi yangu akajibu bila kuulizwa. "Aliyefyatua alikuwa Mgiriki, Mzee. Na wakubwa wa waliomtuma walikuwa baganwa wenzake. Hakuuawa na wakwe."

Mimi nilitaka kucheka na kulia pamoja. Mzee aliuweka mrija juu ya kiti, mkavu, akashukuru kwa kukaribishwa, akaondoka. Bila yeye hakuna mtu wa upande wao aliyeweza kumalizia maneno. Soda tulikunywa wenyewe.

Ikapita miezi minane ya kupendana ambako kila mtu anajua na hakuna anayesema. Si unajua, turubai haizuii sauti. Halafu Mzee akajiandikisha kurudi Burundi. Alitaka kufia kwenye kilima chake. Mjukuu alikuwa kwenye kadi moja naye ya familia, kwa hiyo naye alikuwa anarudi, labda aombe kutenganishwa. Aliomba. Ofisini wakamuuliza sababu, akasema anataka kuoa. Wakamuuliza cheti kiko wapi. Mzee hakusema naye wiki mbili.

Siku moja kabla ya msafara, Mzee akaja kwangu peke yake, na suruali nyeusi ya suti. Ilikuwa imemzidi, maana uzee umempunguza. "Ipunguze vidole viwili," akasema, "nisiiburuze kule nyumbani." Nikachukua futi, nikaanza kupiga magoti ili nipime. Akanizuia kwa mkono. Akashika nguzo ya mlango, akapanda juu ya benchi polepole, akasimama pale nipime nikiwa nimesimama. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananiheshimu au alikuwa anapanda juu.

Nilishona akisubiri. Akauliza bei. Nilisema, "Acha tu, Mzee, ni ya safari." Akarudia kuuliza. Nikamwambia elfu moja. Akatoa noti ya elfu mbili, akasimama mkono wazi mpaka nikamrudishia chenji yote.

Asubuhi mjukuu wake alimbebea mizigo hadi kwenye basi, halafu akaja akakaa kwenye benchi, hakusema kitu hadi mchana. Kadi yake mpya bado haijatoka, anakula kwa mama yangu. Ndoa hatujafunga. Sare ishirini na nne zinanisubiri mezani, na sindano imeanza tena kuruka.